Msituchapie uso peke yake

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile makala ya sarafu za fedha za Roma imenishinda. Mlichapa dinari ya Brutus, mmoja wa waliomuua mtawala wa Roma Julius Caesar, mkaonyesha kichwa tu, na mwandishi wenu akasema yaliyo upande wa pili ni mapambo.

Mapambo gani? Upande ule una majambia mawili, katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini herufi EID MAR: katikati ya Machi, siku Julius Caesar alipouawa mwaka 44 KK. Brutus alizitengeneza sarafu hizo mwaka 42 KK akiwa vitani, zikapita mikononi mwa askari wake, na kila askari alielewa: tumemuua, na kwa majambia haya Roma imekuwa huru. Mapema mwaka ule wa 44 Caesar alikuwa amethubutu kuweka uso wake kwenye fedha ya Roma angali hai, jambo lililowachoma waliomwona anajifanya mfalme. Kisha Brutus, muuaji wake, naye akaweka wa kwake! Huwezi kuyaona hayo kama hujaigeuza sarafu. Mmetunyima kiini cha habari yote.

Na si ninyi tu. Nilipokwenda kumtembelea binti yangu Ulaya, niliingia jumba moja la makumbusho nikakuta dinari ya Vespasian, mfalme mkuu wa Roma, imegandishwa kwenye kitambaa, kichwa juu. Sarafu za Vespasian za aina ile nyuma zina mwanamke wa Kiyahudi ameketi chini akiomboleza, juu yake nyara za vita. Ni fedha ya kujivunia Yerusalemu iliyoteketezwa na Warumi mwaka 70 BK. Nikamuuliza mhudumu kuna nini nyuma. Akajibu kwamba wageni hupenda kuona sura za wafalme. Nilitoka nimekasirika. Watu waliouawa, mji uliochomwa, vyote vimekandamizwa kwenye kitambaa ili tuone pua ya mshindi!

Wauzaji wa mtandaoni nao huzisugua kwa dawa mpaka zing'ae, herufi zikafutika, halafu wakaziita safi.

Mkiandika tena, chapeni pande zote mbili, kila upande kwa ukubwa wa kifuniko cha soda, na maandishi yake kamili chini. Makumbusho nayo yaweke kioo cha kujitazamia chini ya kila sarafu, tuone na nyuma yake.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga