Hiyo ni barafu, mhariri

Mhariri,

Nimenunua gazeti lenu miaka kumi na tisa bila kuwaandikia hata mstari. Lakini ile ripoti yenu ya vitu vyeupe vinavyoambaa na roketi imenishinda kumeza. Eti wataalamu wanakuna vichwa! Wataalamu gani?

Ile ni barafu. Oksijeni iliyogeuzwa kimiminika inayojazwa kwenye tangi la roketi hufika nyuzi 183 chini ya sifuri na kupita hapo. Unyevu wa hewa ukigusa ubavu wa tangi unaganda, injini zikiwaka mtikisiko unaibandua barafu vipande vipande. Hata Falcon 9, roketi ya Marekani iliyobeba setilaiti yetu Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 ilijazwa oksijeni hiyo hiyo. Mwaka 1962 mwanaanga wa Marekani John Glenn aliona kama vimulimuli nje ya dirisha lake angani. Miezi mitatu baadaye mwenzake Scott Carpenter akagonga ukuta wa chombo chake kwa mkono, vikatimka vingi. Umande ulioganda, basi.

Nami, fundi wa friji, hugonga friza hivyo hivyo kila siku, ndiyo maana nimekasirika. Juzi mama samaki mmoja, mteja wangu wa miaka, alikuja kuchukua friza lake na gazeti lenu limekunjwa ndani ya leso. Mchungaji amewasomea ripoti hiyo madhabahuni, akasema wale ni malaika. "Fundi," akaniambia, "hiyo 4,500 yako ingoje kwanza, tujue wamefuata nini." Nikafungua friza lingine lililoganda, nikapiga ubavu ngumi moja ili aone. Bamba la barafu zito kama tofali likatua kwenye kidole changu cha mguu, nami nimevaa sandali. Mama alicheka hadi akakaa chini. Akaondoka na friza. Pesa sijaziona mpaka leo!

Na mkitaka miujiza, njooni mwandike kuhusu stima ya huku. Inapotea mara tatu kwa siku, mbuta wanavunda, anayetuuzia anatuma bili ile ile. Huyo hachunguzwi.

Nitumieni mwandishi wenu Jumanne, kabla ya saa nne, maana baada ya hapo stima hamna. Nitamgongea friza bure. Aje na viatu vya ngozi, na 4,500 zangu.

Fundi wa friji,
Kondele, Kisumu