Barua kwa Mwanangu: Ziba Tundu, Usitege Sumu

Mpwapwa, mwezi Julai

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baba yako hajambo, kifua chake kimetulia tangu upepo wa alfajiri ulipopungua, na wadogo zako wanaendelea vizuri na masomo. Simu yako ya juzi usiku ilinikosesha usingizi. Nilikusikia ukijikaza usilie, na sikushangaa, kwa sababu vifaranga 12 wa kuku wa kwanza kuangua katika mji wako mwenyewe ni jambo kubwa, na leo umebaki nao 3 tu. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, ili uwe na maneno haya mkononi utakapokuwa umeinama ndani ya banda na mwenzako akikumulikia tochi.

Kabla ya yote, mwambie mkwe wangu, kwa heshima zote ninazompa, asinunue ile sumu. Mwaka aliozaliwa mdogo wako wa mwisho, tulipokuwa bado tunakaa Kongwa, kicheche alituulia vifaranga 10 usiku mmoja, nami kwa hasira nikamshawishi baba yako apake sumu kwenye dagaa na kuwatandaza nyuma ya banda. Asubuhi tulimkuta mbwa wetu amelala chini ya mkwaju, mdomo una povu. Siku ya pili paka wa jirani alikufa, na jirani huyo hakutusemesha mpaka mavuno. Siku ya tatu tukaokota bundi amekufa karibu na ghala, bila shaka baada ya kula panya mwenye sumu, na watu wakafurahi kwa kuwa wanamwita ndege wa wachawi. Mimi pia nilifurahi, na ninajuta hadi leo, kwa sababu bundi yule alikuwa anakamata panya kadhaa kila usiku bila kutudai hata punje ya mtama. Baada ya miezi miwili panya walijaa ndani ya nyumba kuliko nilivyowahi kuona. Na kicheche? Alirudi kupitia tundu lile lile aliloingilia mwanzo, kwa maana hakuna aliyekuwa amefikiri kuliziba.

Kila mharibifu ana namna yake ya kula, na banda litakueleza ni nani aliyeingia, mradi ulikague kabla hujalifagia. Panya huchukua kifaranga mmoja mmoja na kumburuta kuelekea shimoni, na shimo likiwa jembamba humtafuna miguu au ubavu na kumwacha hapo. Nyoka na kenge humeza yai zima, ingawa yupo nyoka mdogo mla mayai ambaye hulipasua kooni na kulitema ganda likiwa limebanwa kama karatasi. Kicheche, nguchiro na kanu wakipenya ndani hawatosheki na mmoja: huuma shingo, hula kichwa au kifua, kisha hugeukia mwingine, na asubuhi unakuta mizoga imelala ovyo. Kifaranga akitoweka mchana kweupe, uwanjani, bila unyoya wala damu, mtazame mwewe juu ya mbuyu.

Sasa rudi kwenye yale uliyonieleza. Ulianza kwa kupoteza mayai 4 katika kiota cha yule mtamba mwekundu, na hukuona hata kipande cha ganda. Kisha vifaranga wakaanza kupungua usiku, wawili leo, mmoja kesho, na mmoja wao ulimkuta amekwama kwenye kona huku miguu yake imetafunwa. Mimi naona hapo wageni wawili. Wa vifaranga ni panya. Wa mayai, kwa maoni yangu, ni nyoka, naye alifika bandani kwako akifuata harufu ya panya hao hao. Ukitaka kuhakikisha, chekecha majivu, uyanyunyize jioni kwa wepesi mlangoni na kwenye kona zote, kisha uingie alfajiri kabla kuku hawajashuka. Panya huacha vidole 4 mguu wa mbele na 5 mguu wa nyuma, na mara nyingine mkia huchora mstari katikati. Nyoka huacha mchirizi laini usio na nyayo.

Wala usifikiri kwamba mmelogwa kwa sababu mambo haya yamekuja kwa pamoja. Huu ndio msimu wake. Mtama na uwele vimeshavunwa, mashamba yamebaki makavu, na panya waliokuwa wameshiba huko wanakimbilia palipo na nafaka, yaani majumbani. Wakikuta pumba zimebaki kwenye chombo cha kuku usiku kucha wanaona wamefika. Kwa hiyo kazi ya kwanza, ambayo haikugharimu chochote, ni kuondoa chakula chote bandani kuku wanapolala, kufagia kilichomwagika, na kuhifadhi pumba kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Gunia hulitoboa kwa usiku mmoja.

Kazi ya pili ni matundu, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Bibi yako, aliyelaza kuku wake ndani ya tembe pamoja na watu, alikuwa na kipimo kimoja tu: kidole gumba. Tundu ambalo kidole gumba kinapita, panya anapita, hata kama kwa macho unaona haiwezekani. Ingia bandani saa 6 mchana, jua likiwa kali, funga mlango kwa ndani, kisha kaa kimya mpaka macho yazoee giza. Utaona nukta na mistari ya mwanga chini ya ukuta, kwenye bawaba za mlango, mahali boriti inapokutana na bati. Weka alama ya mkaa kwenye kila nukta. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilihesabu 17 katika banda nililoapa kwamba ni zima.

Mashimo ya sakafuni yajaze vipande vya chupa na kokoto, uvigandamize kwa mti, kisha usiribe sakafu nzima kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri. Udongo huo ukikauka unakuwa mgumu na panya hawaupendi, lakini ukague kila wiki, kwani hauna nguvu ya saruji. Mkipata saruji hata mfuko nusu, imalizieni pembeni, pale ukuta unapokutana na sakafu, maana panya huanza kuchimba akiwa ameegemea ukuta. Kwenye madirisha, ule wavu wa matundu ya pembe sita mliouweka unamzuia kuku asitoke, ila panya, nyoka na kanu mdogo wanauona kama mlango. Tafuteni wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi. Kama fedha hazitoshi kwa banda zima, wekeni kwanza kwenye chumba cha vifaranga. Upande wa nje, fukieni wavu huo futi moja ardhini kuzunguka ukuta, kwa sababu nguchiro na kicheche ni wachimbaji. Uwazi wa juu karibu na paa msiuzibe kwa matope. Uwekeeni wavu, kwani banda lisilopumua hujaa harufu kali ya kinyesi na kuku wataugua mafua.

Mlango nao una lawama yake. Ulisema mnaufunga kwa kamba. Weka komeo la chuma, na chini ya mlango pigilia kipande cha bati kinachogusa kizingiti. Ufungwe kuku wanapomaliza kuingia, jua likizama, wala usisubiri mpaka mmalize kula chakula cha usiku. Dakika hizo ambazo giza limeingia na watu wako jikoni ndizo kicheche anazozunguka nazo.

Kuhusu nyoka, nisikilize vizuri, mwanangu. Usiingize mkono kwenye kiota usichokiona ndani, hata asubuhi, hata kama unajua kuku gani amelala humo. Tumia tochi na fimbo. Huku kwetu kuna swila anayetema sumu akilenga macho, na ikimpata mtu macho yaoshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha apelekwe zahanati bila kupakwa dawa ya kienyeji. Nyasi na kuni zilizorundikwa nyuma ya banda ziondolewe, pawe peupe hatua tano au sita kila upande, kwani nyoka hapendi kuvuka mahali pasipo na maficho. Panya wakiisha, naye atakuwa hana kilichomleta isipokuwa mayai, na mayai yenyewe hutayaacha humo.

Mayai yaokote mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Acha moja tu kiotani, lenye alama ya mkaa, ili mtamba asihame. Yale unayoyatunza kwa ajili ya kuatamiwa yaweke ndani ya nyumba, mahali pa baridi, upande butu ukiwa juu, na usiyakawize zaidi ya wiki moja kama inawezekana. Kuku akianza kulalia, mpe kiota cha peke yake kilichoinuliwa kutoka sakafuni, na umtengee kona yenye giza. Siku ya 7 pima mayai usiku kwa mwanga wa tochi. Lisilo na mishipa liondoe, maana yai viza likipasuka harufu yake inaita kila mdudu. Kuku hulalia siku 21, na mbili za mwisho ndizo za hatari kubwa ya sisimizi, ambao huingia kwenye ganda lililoanza kudonolewa na kumla kifaranga kabla hajatoka. Miguu ya kichanja cha kiota isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, ila makopo hayo yakae mahali vifaranga hawawezi kuyafikia. Maganda yakishapasuka, yatoe siku hiyo hiyo na uyafukie mbali. Siafu wa masika ni habari nyingine, tutazungumza mvua zikikaribia.

Hao watatu waliobaki wasilale bandani kabisa mpaka utakapomaliza matengenezo. Waweke na mama yao ndani ya tenga, ndani ya nyumba, na tenga lifunikwe gunia kuukuu upande wa upepo. Usiku wa Julai ni baridi, na kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ambalo tumbo la mama yake linampa ikiwa hawapigwi na upepo. Mchana, mfunge mama mguu kwa kamba laini chini ya kivuli ili asiwazururishe mbali, na ukate matawi ya mgunga yenye miiba uyalaze karibu naye, yakiwa yameinuka kidogo kutoka chini. Kuku akipiga ule mlio wake wa kuonya, vifaranga hujitupa chini ya miiba, na mwewe hathubutu kushuka hapo. Watu wengine hutandaza utepe wa kaseti unaometameta. Unasaidia siku chache, halafu mwewe anazoea. Mimi naamini miiba. Msimu ujao pandeni mbaazi mistari miwili kandokando ya uwanja, mtapata kivuli, maficho na mboga.

Nimekumbuka pia chanjo ya kideri. Mtaalamu wa mifugo wa kata akipita, usikose ile ya tone moja jichoni, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu ugonjwa huo hauhitaji tundu la kuingilia.

Jumamosi nitampa kondakta wa basi la asubuhi linalokwenda Dodoma tenga jipya alilosuka baba yako, lenye mfuniko na matundu ambayo nimeyapima yote kwa kidole changu. Ndani yake kuna mayai 11 ya yule kuku wangu wa kishingo, yaliyofungwa kwenye makapi, yote ya wiki hii. Mpokee hapo Buigiri kabla ya saa 4, na uyaache yatulie kutwa nzima ndani ya nyumba kabla ya kumpa mtamba mwekundu, akiwa bado anataka kulalia. Lakini nipigie kwanza Ijumaa jioni, uniambie umehesabu nukta ngapi za mwanga na zimebaki ngapi. Kama zimebaki, mayai yatasubiri basi la wiki ijayo.

Msalimie mkwe wangu, na umbusu mjukuu wangu.

Mimi mama yako