Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Raundi za Wauguzi Wodini

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilielekeza nguvu zake kwenye raundi za kila saa. Mambo ya ada na uanachama yamo kwenye taarifa za mhazini na katibu.

Ratiba mnaijua: mchana muuguzi anampitia kila mgonjwa wake kila saa, na usiku, kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi, anampitia kila baada ya saa 2. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa ratiba hiyo ilipunguza kengele za kuita na wagonjwa kuanguka, na wagonjwa wakaridhika zaidi na huduma.

Kwenye kila kitanda yanaangaliwa mambo manne: maumivu, choo, mkao na vitu vya mgonjwa. La choo ndilo linalorukwa mno, na ndilo lenye hatari kubwa. Wengi huanguka wakijikongoja peke yao kwenda msalani. Ukimuuliza mgonjwa, “Unahitaji chochote?” atajibu hapana, kwa sababu anaona aibu au anaona una kazi nyingi. Mwambie, “Twende chooni sasa nikiwa hapa, nitarudi baada ya saa moja.” Anayetumia dawa za kukojosha au za usingizi, na anayeinuka kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji, usisubiri akuombe.

Kwa asiyeweza kujigeuza, tazama visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole ni dalili ya mwanzo ya kidonda cha mgandamizo. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo pima kwa mkono kama pamepata joto au pamekuwa pagumu. Mgeuze kwa kumwinua, msimburute, maana kuburuta kunachuna ngozi. Kabla ya kuondoka hakikisha breki ya kitanda imefungwa, kitanda kimeshushwa, na kengele, maji na miwani viko karibu. Kwa mgonjwa wa kiharusi, kengele iwekwe upande wenye nguvu.

Aliyelala usingizi wa kawaida asiamshwe bila sababu ya kitabibu. Angalia anavyopumua, dripu na kengele, kisha andika “amelala”.

Kinachoharibu kazi hii ni fomu ya raundi kujazwa yote kwa mkupuo mwisho wa zamu. Mara nyingi si uvivu. Raundi imegongana na saa ya dawa, na wagonjwa wapya, au na kukabidhiana zamu, na hakuna aliyepangiwa kushika wodi. Fomu yenye sahihi zisizo za kweli ni mbaya kuliko fomu tupu, kwa kuwa inamficha msimamizi pengo lilipo. Raundi iunganishwe na dawa na vipimo vya joto, mapigo na presha. Muuguzi na msaidizi wapokezane saa, na wakati wa makabidhiano mmoja abaki na wagonjwa. Msimamizi naye awaulize wagonjwa wawili watatu kila siku: nani amekupitia, na amekufanyia nini?

Kwa mwaka ujao kamati inaomba kila wodi, mgonjwa akianguka, iandike saa aliyoanguka, alikuwa akienda wapi, na alipitiwa mara ya mwisho saa ngapi. Kumbukumbu hizo zitajadiliwa katika vikao vya kamati bila kutaja jina la muuguzi.