Asante, kaka wa Seronera

Kaka uliyetusaidia pale kambini Seronera, hifadhini Serengeti, hukuniachia jina wala namba, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Gari letu la kulala wageni liligoma kuwaka alfajiri. Ungeweza kutuungia waya za betri tu ukaenda zako. Badala yake ukatoa mita ukanionyesha: betri ya injini volti 11.4, wakati iliyojaa husoma kama 12.6. Ukafuata waya kwa kidole mpaka kwenye rilei, yaani swichi ya umeme inayounganisha betri ya injini na ile ya friji na taa. Ilikuwa imeungua na kuganda ikiwa imeunganisha, ndiyo maana friji ilinyonya hata betri ya injini! Kumbe inatakiwa iunganishe betri hizo pale tu alternata, jenereta ya injini, inapochaji, kwenye volti 13.3 hivi, na iachie injini ikizimwa, ili friji itumie betri yake ya nyuma peke yake. Ukafunga nyingine kutoka sanduku lako, na fyuzi karibu kabisa na kila betri, maana waya mnene ukichubuka bila fyuzi gari linaweza kuteketea.

Pesa ulikataa katakata. Chai tu ndiyo ulikubali.

Sasa hata friji ikizima usiku, injini inawaka. Mungu akuzidishie, kaka. Ukipita Arusha, karibu sana nyumbani.