Barua kwa mwanangu: hiyo taa ya bandani itoe

Baba, salamu zako mdogo wako amenipa, marahaba, ila ningependa kuzisikia kwa sauti yako mwenyewe, haya tuyaache hayo. Huku Buhongwa hatujambo, baba yako mguu unamsumbua asubuhi tu, akishakunywa chai anasahau kama ana mguu. Vuli imeanza kugonga gonga, wiki hii imenyesha mara 2.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili. Mlivyopiga vidio koli mjukuu wangu akawa anakimbia na simu nione kuku, mimi naona viatu vyake na majani, viatu na majani, halafu akaingia bandani akatulia, ndo nikaona. Taa. Ile nyekundu inaning'inia kwa waya juu ya maranda. Nilinyamaza kwa sababu mkwe alikuwa hapo hapo na sikutaka nionekane namsema mume wake mbele yake, lakini toka siku hiyo silali vizuri, na baba yako ananiambia muache mtoto ana miaka 36, sasa miaka 36 inazuia moto?

Itoe hiyo taa baba.

Najua utanijibu kwamba mama wewe hujui baridi ya Minnesota. Kweli siijui, baridi yangu mimi ni ule upepo wa ziwani wa mwezi wa 6 asubuhi, nyie mnashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, hata friza ya duka la samaki naona ina afadhali. Lakini kuku nawajua. Kuku mzima joto lake mwilini ni kama nyuzi 41, sisi watu tukifika hapo tunakimbizwa hospitali. Ana koti lake kazaliwa nalo. Usiku akishapanda kulala nenda polepole umtie mkono chini ya bawa, pale kwenye ngozi, utasikia ni kama umegusa chapati iliyotoka kwenye kikaango, na nje manyoya ya baridi kabisa. Akiona baridi anajivimbisha mpaka anakuwa duara, kichwa anakiingiza mgongoni, miguu anaikalia. Ila ili aikalie vizuri mti wa kulalia uwe mpana bapa, sio ule ufito mwembamba niliouona, hapo vidole vinabaki nje vinaliwa na baridi. Weka ubao, upande mpana juu.

Taa ni ya vifaranga. Kifaranga hana manyoya kamili, wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35, halafu unapunguza kila wiki mpaka avae vizuri. Wa kwako wameshataga hao. Sasa unamwashia taa mtu mzima mwenye koti lake, anazoea, siku umeme ukikatika usiku wa barafu ndo unawakuta wamelegea wote kwa pamoja. Bora azoee baridi yake taratibu kuanzia sasa hivi mwezi wa 10.

Na hiyo taa nimemuuliza kijana wa duka la dawa za mifugo hapa njiani, akaniangalizia kwenye simu yake, akaniambia mama hizo zinakuwaga na wati 250. 250! Balbu ya sebuleni kwangu ni wati 9. Inaning'inia kwa waya, chini maranda makavu, vumbi la manyoya limejaa hewani, kuku mmoja akiruka akaigonga imeanguka. Na banda umeliegemeza kwenye ukuta wa nyumba, nyumba yenyewe ya mbao, na upande wa pili wa huo ukuta analala nani? Usinijibu, nimehesabu madirisha mwenyewe.

Nakusifia lakini, usidhani sikusifii. Kule kikoba nimewaambia wote mwanangu anafuga kuku kwenye theluji, mama mmoja wa Igoma akabisha akasema kuku hawezi, nikamwonyesha picha mjukuu kambeba huyo mliyempa jina langu (hivi ni kwa sababu ya mwendo au kwa sababu ya kelele? baba yako anasema kelele). Nilijisikia vizuri sana. Ingawa nilicheka peke yangu njiani kwa sababu wewe ndo yule uliyesema unasoma ili usije ukazoa mavi ya kuku tena maishani mwako, nilikuwa nakwambia fagia banda unanionyesha daftari. Leo unanunua maranda kwa dola. Huku tunayachukua bure kwa mafundi seremala, tunabeba na gunia letu.

Kinachoua kuku kwenye baridi sio baridi peke yake, ni unyevu. Hili huku tunalijua kwenye mvua, banda likifungwa likabana, asubuhi ukifungua harufu inakupiga machoni mpaka unatoa machozi, wiki ijayo wanakoroma wote. Kuku anapumua maji usiku kucha na kinyesi chake sehemu kubwa ni maji, sasa ukiziba kila tundu ukidhani unawapa joto yale maji yanabaki humo humo, yanawakalia kwenye vile vilemba vyekundu kichwani, baridi ikija inavigandisha vinakuwa vyeusi. Kwa hiyo matundu ya hewa uache, ila yawe juu kabisa karibu na paa, kuku wakiwa wamelala upepo upite juu ya vichwa vyao usiwapige. Chini ziba. Juu acha. Chombo cha maji usikilaze nao ndani, kitoe jioni, asubuhi wape maji mengine ya vuguvugu na mchana ubadilishe tena kwa sababu yataganda, na kuku asipokunywa hali. Jioni kabla hawajapanda warushie mahindi kidogo, kuku akilala kashiba tumbo linamchemshia usiku kucha.

Mkwe alisema mayai yamepungua ndo maana mkaweka taa. Jamani. Kuku anataga kwa mwanga, anataka kama saa 14 hivi za mwanga ndo atage sawasawa, sisi hapa jua letu ni saa 12 mwaka mzima halibadiliki, nyie mwezi wa 12 jua halifikishi hata saa 9. Halafu sasa hivi wananyonyoka manyoya wanaota mapya, chakula chote kinaenda kwenye manyoya. Mwache apumzike, kwani unauza? Na ukitaka mayai lazima, balbu ndogo ya kawaida imefungwa imara ukutani na taima iwake alfajiri inatosha kabisa, haihitaji hilo jiko la kuning'inia.

Nasema jiko kwa sababu ni jiko. Ile ya kwetu unaijua, siirudii, ulikuwepo. Ila kwa kuwa nimeigusa, lile gunia nililisogeza mimi. Asubuhi ile upepo ulikuwa unaingia kwa vifaranga na mimi nawahi dagaa Mwaloni kabla hawajaisha wale wasio na mchanga, nikalivuta likaegemea jiko, nikasema likae hivyo kidogo. Wewe nilikukuta umesimama pale na ndoo. Hukuwa umefanya kitu. Shangazi yako alishaniambia siku zile zile, ulipolala kwake zile siku 2, mimi nikamwambia mtoto wa kiume akichapwa hafi. Basi.

Tuendelee. Ile hela ya bati imefika, asante, Mungu akuzidishie. Nimenunua bati 6, za jikoni zimetosha, za chumba cha mdogo wako bado, kwa sababu iliyobaki nimechukua vifaranga 50 chotara, tusigombane, walikuwa wamebaki hao tu na bei ilikuwa nzuri. Hawa nawalea jikoni ndani ya karatasi za boksi, jiko liko mbali nimelizungushia wavu, na siku 14 za kwanza nalala nao kwenye mkeka. Sijawahi kuacha vifaranga peke yao na jiko toka mwaka ule, baba yako analalamika nanuka pumba. Kideri nimeshawachanja, tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3 narudia na wale wakubwa. We wa kwako umewachanja nini? Na hao bata mwitu wanaopita juu kwenda kwenye joto usiwaache wachangie maji na kuku wako, mafua ya ndege yanakuja nao.

Mdogo wako sasa anataka pikipiki. Nimemwambia aongee na wewe, usimpe kabla hujaongea na mimi. Mahindi yamepanda tena, mashudu ndo usiseme. Jirani ametengeneza fensi imeingia kwetu hatua moja nzima, baba yako anasema tumwache, mimi sijasema neno lakini napima kila asubuhi nikienda kufungulia kuku. Yule jogoo mwekundu tulimla, alianza kumrukia mtoto wa jirani, na mtoto mwenyewe ni wa huyo huyo wa fensi, sijui.

Nitumie namba ya kiatu ya mjukuu, fundi wa sendozi ananisubiri, najua atazivaa ndani tu. Na mwambie mkwe ile dawa ya mgongo nimepaka imenisaidia.

Hapa saa 5 usiku, kwenu saa 9 mchana, mtoto bado yuko shule, una muda. Toa ile taa, ukunje na waya wake, halafu giza likiingia nipigie picha banda nilione lilivyo. Hata kama picha itakuwa nyeusi tupu we tuma tu.

Mama yako