Tairi Pana Lisipoenea Kwenye Fremu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wapanda baiskeli wenzangu wa Pemba ambao, kwa kuchoshwa na mawe ya njia za Micheweni, hufunga matairi mapana kwenye fremu nyembamba. Tairi la milimita 40 likichukua nafasi ya lile la 35, huongeza takriban milimita mbili na nusu kila upande, na kimo chake nacho hupanda, hivyo huweza kukwaruza madigadi mapema. Fundi alijaze upepo kwanza, alizungushe, na ahakikishe zimebaki milimita 4 hivi kila upande, kwani ringi iliyopinda kidogo (nasi tunaopakia magunia ya karafuu twajua spoki zinavyolegea) huila nafasi hiyo yote. Langu lilikwangua fremu hadi rangi ikatoka.

Mpanda baiskeli,
Wete, Pemba