Hata filamu nzuri hujitembeza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika toleo lililopita kwamba ubishi unaozuka kila mwaka baada ya Tuzo za Oscar ni kilio cha walioshindwa tu. Hoja yake aliifunga kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimetazama filamu kwa zaidi ya miaka 30 na methali hiyo naiheshimu, ila kwenye tuzo kubwa za filamu haisimami. Huko hata kizuri hujitembeza, na kisicho na wa kukitembeza hulala.

Filamu inayowania Oscar haikai kimya ikingoja kuonekana. Studio huiandalia maonyesho maalumu ya wapigakura, hununua kurasa za matangazo katika magazeti ya tasnia, na kumzungusha mwongozaji na waigizaji wake kwenye mahojiano na hafla kwa miezi kadhaa. Kazi hiyo ina wataalamu wake na bajeti yake. Mfano unaotajwa sana ni wa 1999, Shakespeare in Love ilipoipiku Saving Private Ryan katika tuzo ya Filamu Bora baada ya kampeni kali ya kampuni ya Miramax. Mimi Shakespeare in Love niliipenda, na sidai kwamba kura zilinunuliwa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kwangu kinaumiza zaidi: kabla ya swali la filamu ipi ni bora kuna swali la filamu ipi imefika mbele ya macho ya mpigakura.

Na macho hayo, kwa muda mrefu, hayakulazimika kutazama. Aprili 2025 Akademia inayotoa Oscar ilitangaza kwamba mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kipengele bila kuwa ametazama filamu zote zinazokiwania. Namwomba msomaji mwenzangu airudie sentensi hiyo polepole. Oscar za kwanza zilitolewa 1929. Kwa karibu karne nzima, katika vipengele vingi, mtu aliweza kuamua filamu ipi imezishinda nyingine ilhali hizo nyingine hajaziona. Sharti jipya nalipongeza kwa moyo wote. Ni hatua njema kuliko zote nilizowahi kuziona katika tuzo hizi. Lakini ndilo jibu langu la kwanza kwa anayesema washindi wa zamani walistahili kwa kuwa wataalamu ndio waliowachagua.

Jambo la pili ni hesabu yenyewe, na hapa nitakawia kidogo, maana nimelionja.

Niliwahi kukaa kwenye jopo la majaji watano wa shindano dogo la filamu fupi. Filamu zilikuwa 11. Moja ilikuwa ya dakika 14: mwanamke ameketi kwenye benchi nje ya wodi, mlango unafunguka na kufungwa, kamera haisogei, na hakuna anayetamka neno mpaka karibu na mwisho. Majaji wawili waliiweka ya kwanza. Wawili waliiweka ya mwisho, mmoja wao akisema hiyo si filamu, ni picha ya kutundika ukutani. Mimi niliiweka ya nne. Moyoni ilikuwa ya kwanza, lakini nilikuwa mgeni kati yao na niliogopa mabishano. Tulipojumlisha nafasi, ikashinda filamu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiweka ya kwanza. Sote tulikuwa tumeipa nafasi ya pili au ya tatu. Ilikuwa kazi safi, imepigwa vizuri, imehaririwa vizuri. Leo siwezi kukusimulia hata tukio lake moja.

Hesabu ya Oscar si hiyo, ila zina undugu. Tangu tuzo za 2010, zilipoanza kushindanishwa filamu 10 badala ya tano, mpigakura wa Filamu Bora huzipanga filamu kwa mfuatano, kuanzia anayoipenda zaidi. Isipopatikana inayovuka nusu ya kura, iliyo mkiani huondolewa, na karatasi zake huhamishiwa kwa filamu iliyoandikwa inayofuata. Huendelea hivyo mpaka mojawapo ivuke nusu. Filamu inayopendwa kwa dhati na theluthi ya wapigakura na kuchukiwa na waliobaki hukwama pale pale kwenye theluthi yake. Ile ambayo wengi wameiandika ya pili au ya tatu huokota kura za walioanguka na kupanda taratibu.

Mfumo huu una haki yake. Zamani, filamu zikiwa tano na mwenye kura nyingi ndiye mshindi, filamu iliweza kutwaa tuzo kwa zaidi kidogo tu ya asilimia 20. Siutetei utaratibu ule. Nasema tu kwamba inayopatikana kwa mfumo wa sasa ni filamu ambayo watu wengi hawakuikataa, na hilo ni jambo jingine kabisa na ubora. Mwaka 2019 Green Book ilichukua Filamu Bora, huku Alfonso Cuarón, aliyeongoza filamu ya Roma, akichukua tuzo ya mwongozaji. Akademia haichapishi idadi ya kura, hivyo nabaki na hisia yangu: Roma, ndefu, ya picha nyeusi na nyeupe, ilikuwa na wapenzi wakali na wakataaji wakali, kama mwanamke wetu wa kwenye benchi.

Kuna kitu ambacho hata kura safi haiwezi kukiponya, nacho ni haraka. Filamu inahukumiwa ikiwa bado ya moto. Citizen Kane ya Orson Welles iliteuliwa katika vipengele tisa, ikaondoka na tuzo moja tu, ya mswada, na Filamu Bora ikaenda kwa How Green Was My Valley. Mtu atasema wahakiki wangeiona. Nao hawakuiweka kileleni upesi. Jarida la Uingereza la Sight and Sound lilipowauliza wahakiki mwaka 1952 filamu bora za wakati wote, Citizen Kane haikuwemo hata katika 10 za juu. Mwaka 1962 ikawa ya kwanza, na ikakaa hapo mpaka 2012, ilipoondolewa na Vertigo ya Alfred Hitchcock. Na Vertigo yenyewe, ilipotoka mwaka 1958, iliteuliwa katika vipengele viwili tu vya Oscar na haikupata kitu. Hitchcock aliteuliwa mara tano kuwa mwongozaji bora na hakushinda hata mara moja.

Akademia huwa inajua ikikosea, kisha hulipa deni kwa njia inayozaa deni jingine. Martin Scorsese alikosa tuzo ya mwongozaji kwa Raging Bull mwaka 1981 na kwa Goodfellas mwaka 1991. Akaipata 2007 kwa The Departed. Wapo wanaoiona hiyo kuwa kazi yake kuu; mimi siamini hivyo, na sidhani hata waliosimama kumpigia makofi usiku ule waliamini. Walikuwa wanampa mtu haki yake. Ila mwongozaji mwingine aliyekuwa anawania mwaka huo alishindana na deni la miaka 26 badala ya kushindana na filamu.

Kuhusu nani anaruhusiwa kuingia ulingoni nitasema kwa ufupi, maana limeandikwa sana. Mwaka 2015 na 2016 waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa weupe, mara mbili mfululizo. Kelele zikapigwa, Akademia ikaongeza wanachama kutoka nchi nyingi, na mwaka 2020 Parasite ya Korea Kusini ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa Filamu Bora. Wale wanaosema ubishi hauna faida waanzie hapo. Lakini katika kipengele cha filamu za kimataifa, kwa miaka mingi kila nchi imeruhusiwa kuwasilisha filamu moja tu. Nchi iliyotoa filamu tatu kubwa mwaka mmoja ililazimika kuzizika mbili kwa mkono wake. Na mwaka 2019 Lionheart ya Genevieve Nnaji, iliyowasilishwa na Nigeria, iliondolewa kwa sababu mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo Nigeria iliachiwa na ukoloni na ambayo leo ndiyo lugha yake rasmi. Hakuna aliyeipima na nyingine kwa ubora. Ilifungiwa mlango.

Wengine hukimbilia tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, wakisema huko ndiko kwenye haki, kwa kuwa jopo dogo hukaa pamoja na kutazama kila filamu inayoshindana. Nakubali ni utaratibu bora zaidi. Hata hivyo jopo huchagua katika zile zilizokwisha kuchaguliwa na wengine. Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, ilikwenda kwa filamu ya Afrika mwaka 1975, ya Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria, na tangu hapo bara zima linangoja.

Msomaji mwenzangu anaweza kuniuliza kwa nini nijisumbue, ikiwa muda huja kurekebisha kama ulivyoirekebishia Vertigo. Namjibu kwamba Vertigo ilikuwa na studio kubwa, mwongozaji maarufu na waigizaji wanaojulikana, ilihifadhiwa, ikasubiri. Filamu isiyo na hivyo haisubiri. Tuzo ndiyo huamua ipi itaoneshwa tena, ipi itatafsiriwa, na mwongozaji yupi atapewa fedha za kutengeneza nyingine. Muda huzihukumu zile tu zilizobaki.

Ombi langu, Mhariri, ni hili. Msimu wa tuzo ukifika, pamoja na orodha ya washindi wapya, chapisha filamu zote zilizowania Filamu Bora miaka 10 iliyopita, uwaombe wahakiki wako wazitazame upya na kuzipigia kura tena. Ongeza na mbili au tatu za mwaka huo ambazo hazikuteuliwa kabisa. Wasomaji nao wapige. Mimi nitatuma kura yangu siku ya kwanza.

Ile filamu ya dakika 14 haikupata hata kutajwa siku ya kutoa zawadi. Aliyeiongoza alikuwa kijana, na nilimwona akitoka ukumbini kabla taa hazijawashwa. Nimeitafuta mtandaoni mara nyingi, nipate pa kumwandikia kwamba nilipaswa kuiweka ya kwanza. Bado sijaipata.

Msomaji wako,
Mpenzi wa filamu